Ganda la Mua la Jana: Kemikali za Thamani Ndani ya Mafuta ya Tairi Kuukuu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Alichokitafuna mmoja akakitema, mdudu chungu hukiona riziki. Msomaji mpendwa, katika makala haya nakuletea ganda la mua la siku zetu, nalo si lingine ila tairi kuukuu. Nitaeleza jinsi tairi linavyopikwa likatoa mafuta, jinsi mafuta hayo yanavyotenganishwa yakatoa kemikali za bei, na kwa nini anayeyachoma mafuta hayo yote kama kuni ni sawa na mtu aliyechinja ng'ombe mzima kwa sababu ya ngozi tu.

Najua wapo watakaouliza, "Aa, hii ni Kemia, imeingiaje katika gazeti la Kiswahili?" Jibu langu ni fupi. Lugha isiyoweza kuingia maabarani itabaki ya kuamkuana tu. Maneno magumu nimeyafafanua hapo hapo yanapotokea, na mwishoni nimeweka msamiati na maswali ili kila mmoja ajipime.

BALAA YA MATAIRI

Tairi likishaisha meno, mwenye matatu halitaki tena. Mafundi wetu wa jua kali wamelipa tairi hilo maisha ya pili tangu zamani. Wao hukata akala, viatu ambavyo mchungaji huvaa mwaka nenda mwaka rudi. Tyubu nayo hukatwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Wengine hufanya bembea, wengine hupanda maua, wengine huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Yote hayo ni mazuri. Lakini matairi ni mengi kuliko miguu ya kuvaa akala, basi yanayobaki hupatwa na moja kati ya mambo mawili.

Kwanza, hukaa tu. Tairi halioza. Mvua ikinyesha, maji hutuama ndani yake na mbu aina ya Aedes hutaga humo. Mayai ya mbu huyo hustahimili ukavu kwa miezi mingi yakisubiri mvua nyingine. Ndiye mbu anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Watu wa Mombasa wanaikumbuka chikungunya ya mwaka wa 2017 hadi 2018, jinsi ilivyowafanya watu wazima kutembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo.

Pili, huchomwa. Wako wanaoyachoma ili wapate waya za chuma zilizomo ndani na kuziuza kwa kilo. Sisi wanafunzi wa kutwa, tunaokatiza vichochoroni alfajiri tukienda shule, harufu hiyo tunaijua. Huingia kwenye sweta na kukaa humo mpaka wakati wa gwaride. Moshi ule mweusi una masizi, una gesi ya salfa inayokereketa koo, na una benzini, kemikali ambayo imethibitishwa kuwa husababisha saratani ya damu. Anayepata shilingi chache za waya huwaachia majirani gharama yote ya kifua.

Sasa sikiliza kisa hiki. Tarehe 31 Oktoba 1983, karibu na mji wa Winchester, jimbo la Virginia, Marekani, rundo la mamilioni ya matairi lilishika moto. Moto huo uliwaka kwa muda wa miezi tisa hivi. Jambo la ajabu ni kwamba chini ya rundo yalianza kutiririka mafuta meusi. Yakatoka wapi, na hakuna aliyemwaga mafuta pale? Huko juu matairi yalikuwa yanaungua, lakini katikati ya rundo hewa haikufika. Yale ya katikati hayakuungua, yalipikika. Watu wa serikali walilazimika kuyakinga mafuta hayo yasiingie mitoni, wakakusanya mamia ya maelfu ya galoni. Rundo la taka lilikuwa limegeuka kiwanda bila mwenyewe kupanga. Kisa hicho ndicho mlango wa somo letu.

TAIRI LIMEUNDWA NA NINI?

Wengi hudhani tairi ni mpira mtupu. La hasha! Ukilipima tairi la gari dogo, mpira ni karibu nusu tu ya uzito. Robo hivi ni masizi meusi laini, ambayo hutiwa ili kuupa mpira nguvu. Ndiyo sababu tairi ni jeusi. Kuna waya za chuma, kuna nyuzi za kitambaa, kuna oksidi ya zinki, na kuna salfa kiasi cha asilimia moja au mbili. Salfa ndiyo ambayo wazee waliiita kiberiti upele.

Mpira wenyewe ni wa aina mbili. Upo mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti, na upo mpira wa viwandani unaotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Mpira wa asili ni polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyofanana, kama shanga nyingi katika uzi mmoja. Kila ushanga huitwa isoprini, na fomula yake ni C5H8. Mpira wa viwandani unaotumika sana kwenye tairi una shanga za aina mbili, stairini na butadieni.

Mpira mbichi una kasoro: jua kali huulegeza ukanata, baridi huufanya mgumu ukavunjika. Mwaka wa 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa kisha ukaupasha moto, kasoro hiyo huondoka. Salfa huenda ikafunga fundo kati ya uzi na uzi, na badala ya nyuzi huru unapata kitu kama wavu wa mvuvi. Goodyear alipata hataza yake mwaka wa 1844, lakini alikufa mwaka wa 1860 akiwa na madeni mengi. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka wa 1898, naye keshakufa zamani.

Mafundo hayo ya salfa ndiyo sifa ya tairi na ndiyo balaa yake. Ndoo ya plastiki iliyopasuka waweza kuiyeyusha ukaunda ndoo nyingine. Tairi haliyeyuki. Ni kama chapati: ikishaiva, hakuna mpishi awezaye kuirudisha iwe unga. Kilichobaki ni kuuvunja huo wavu.

KUPIKA BILA HEWA

Kitu kikipata moto na oksijeni, huungua. Kikipata moto pasipo oksijeni, hakiwezi kuungua, bali huvunjika vipande. Jambo hili lina jina kubwa la pairolisisi, lakini usitishike na jina. Mchoma makaa yeyote analijua. Yeye hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, halafu huwasha moto na kuziba matundu. Akiacha hewa iingie ovyo, asubuhi hukuta majivu. Akiziba vyema hukuta makaa. Kumbe mchoma makaa ni mwanakemia ambaye hakupewa cheti!

Kwa tairi, kazi hufanywa ndani ya tanuri la chuma lililofungwa kabisa. Tairi hukatwa vipande, waya hutolewa kabla au baada ya kupika, kisha vipande hupashwa moto kufikia nyuzi kama 400 hadi 700 za Selsiasi. Minyororo mirefu hukatika, mvuke hupanda, hupitishwa kwenye bomba lenye ubaridi, na humo hugeuka kiowevu. Unapata vitu vitatu, mbali na chuma:

(a) Mafuta meusi yenye harufu kali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 40 hadi 50 ya mpira uliotiwa.
(b) Makaa ya tairi, ambayo kwa sehemu kubwa ni yale masizi ya awali, kiasi cha asilimia 35 hadi 40.
(c) Gesi, ambayo hurudishwa chini ya tanuri ili kupikia tairi linalofuata.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1860 mwanakemia Mwingereza Charles Greville Williams aliupasha moto mpira wa asili, akakusanya mvuke wake na kutoa kiowevu chepesi. Ndiye aliyekipa jina la isoprini. Kwa hivyo kile ushanga kimoja cha mnyororo kilipatikana kwa kupika mpira, miaka mingi kabla ya gari la kwanza kufika Kenya.

NDANI YA MAFUTA MNA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mafuta ya tairi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, kama githeri iliyotiwa kila aina ya nafaka. Wenye haraka huona githeri tu. Mwenye subira huchambua na kuona mbegu. Hebu tuchambue zile za thamani.

Limonini. Hii fomula yake ni C10H16. Je, umeona? Ni isoprini mbili zilizoshikana: C5H8 mara mbili. Mpira wa asili ukikatika katika joto lisilo kali mno, shanga hukatika mbili mbili, na jozi hiyo hujikunja kuwa limonini. Jina lake limetokana na ndimu, na kwa kweli ndiyo inayoyapa maganda ya machungwa harufu yake. Ukiminya ganda la chungwa karibu na macho ukawashwa, umekutana nayo. Viwandani hutumiwa kuondoa grisi, kutengenezea sabuni za kunawia mikono ya makanika, na kuundia gundi. Tofauti ni kwamba limonini ya chungwa ni ya umbo moja, na ile ya tairi ni mchanganyiko wa maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Benzini. Usiichanganye na petroli, ingawa katika lugha zingine majina yanakaribiana. Iligunduliwa na Michael Faraday jijini London mwaka wa 1825, katika kiowevu kilichobaki baada ya kutengeneza gesi ya taa kutokana na mafuta. Angalia hapo: hata benzini ilianza kupatikana ndani ya mabaki! Hutumika kama malighafi ya plastiki, nailoni na dawa. Lakini ni sumu, na haifai kunuswa wala kuguswa.

Toluini. Hutumiwa katika rangi za kupaka na gundi.

Zailini. Ziko tatu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mmoja wao, parazailini, hugeuzwa kuwa poliesta. Chupa ya soda ya plastiki na shati la sare lisilotaka pasi, yote mawili asili yake ni huko.

Stairini. Hii ikitolewa ikasafishwa inaweza kurudi kuunda mpira wa tairi jipya. Mwana amerudi nyumbani.

Mpishi ana uwezo wa kuamua atapata nini zaidi. Akipika kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi na kuutoa mvuke upesi, limonini hubaki nyingi. Akizidisha mpaka nyuzi 600 na kupita, limonini huvunjika, na benzini na toluini huongezeka. Aina ya tairi nayo ni muhimu. Tairi la lori lina mpira wa asili mwingi kuliko la gari dogo, kwa hivyo hutoa limonini zaidi. Yale malori yanayopanda kutoka Mombasa kwenda Malaba yanatembelea magurudumu yenye harufu ya machungwa, basi tu harufu yenyewe imefungwa ndani!

KUTENGANISHA: KAZI YA UKENEKAJI

Ukenekaji tulifunzwa kidato cha kwanza. Ni kuchemsha mchanganyiko, kuufuata mvuke, na kuupoesha ugeuke kiowevu tena. Hata wapishi wa chang'aa wanautumia, ingawa wao huishia korokoroni na sisi twaishia kwenye mtihani. Msingi wake ni kwamba kila kiowevu kina kiwango chake cha kuchemka:

Benzini: nyuzi 80
Toluini: nyuzi 111
Zailini: nyuzi 138 hadi 144
Stairini: nyuzi 145
Limonini: nyuzi 176

Katika mnara mrefu wa ukenekaji, chini kuna joto na juu kuna ubaridi. Chenye kuchemka upesi hupanda juu, kizito hubaki chini. Ni kama abiria wa matatu: wa karibu hushuka kwanza, wa mbali huendelea. Sehemu nyepesi ya mafuta ya tairi, ile inayochemka chini ya nyuzi 200 hivi, ndiyo yenye karibu kila kitu nilichokitaja. Sehemu ya kati inafanana na dizeli. Sehemu nzito hukaribia lami.

Je, kazi imekwisha? Bado! Tazama limonini kwa nyuzi 176. Kuna kemikali nyingine iitwayo parasaimini inayochemka kwa nyuzi 177. Tofauti ni uzi mmoja! Hao ni mapacha, na konda wa mnara hawezi kuwajua nani kashuka wapi. Kutenganisha mapacha hawa ndiko kunakowatoa wanasayansi jasho. Hila moja ni kukeneka katika chombo kilichopunguzwa hewa, ambapo viowevu huchemka kwa joto la chini zaidi na kemikali haziungui. Katika miaka ya 1990 na kabla yake kidogo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, Kanada, walipika tairi lenyewe katika hali hiyo ya hewa pungufu na kuonyesha kwamba limonini inapatikana kwa wingi. Hila nyingine ni ya kumvalisha pacha mmoja koti. Limonini huunganishwa na methanoli, ikawa kemikali nyingine yenye kuchemka kwa joto la juu zaidi. Pacha mwenye koti hujulikana mara moja.

SALFA, MGENI ASIYEALIKWA

Yale mafundo ya Goodyear hayatoweki. Baada ya kupika, salfa huonekana tena ndani ya mafuta, kiasi cha asilimia moja hivi. Asilimia moja ni kidogo? Ngoja kwanza. Kenya na majirani wake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walianza mwaka wa 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Asilimia moja ni sehemu 10,000 katika milioni. Gawanya mwenyewe: ni mara 200!

Sasa unaona kwa nini si sawa kuyachukua mafuta ya tairi yalivyo na kuyatia kwenye tanuri la mkate, boila au injini. Yanawaka vizuri, sikatai. Joto lake linakaribia la dizeli. Lakini salfa ikiungua hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo humkaba mwenye pumu na kufanya mvua iwe na asidi. Salfa pia ndiyo inayoifanya limonini ya tairi inuke vibaya mpaka isafishwe.

Dawa ipo. Mafuta hupitishwa pamoja na gesi ya hidrojeni juu ya kichocheo cha kobalti na molibdeni. Hidrojeni huinyakua salfa, na salfa hiyo yaweza kukusanywa ikauzwa. Kazi hii inataka mtambo mkubwa. Ndiyo maana huko Ujerumani kampuni ya Pyrum, iliyoko Dillingen, hupika matairi na kampuni kubwa ya kemikali ya BASF huyachukua mafuta hayo kwenye mitambo yake. BASF ilitia fedha zake katika Pyrum mwaka wa 2020. Mwaka wa 2022 kampuni ya Mercedes-Benz ilitangaza kwamba vishikio vya milango ya baadhi ya magari yake vingetengenezwa kwa plastiki iliyotokana, kwa sehemu, na mafuta hayo. Gurudumu la jana limekuwa kishikio cha mlango wa leo.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme tuna kilo 1,000 za vipande vya tairi visivyo na waya, na tanuri letu linatoa mafuta asilimia 45, makaa asilimia 38 na gesi asilimia 17. Tuseme tena limonini ni asilimia 4 ya mafuta, na benzini, toluini na zailini kwa jumla ni asilimia 5.

Mafuta: kilo 450
Makaa: kilo 380
Gesi: kilo 170
Limonini: 4/100 x 450 = kilo 18
Benzini, toluini na zailini: 5/100 x 450 = kilo 22.5
Salfa kwenye mafuta (asilimia 1): kilo 4.5

Ukiyachoma mafuta yote, ile salfa inaenda wapi? Hapa tutumie somo la moli. Gramu 32 za salfa huungana na gramu 32 za oksijeni, tunapata gramu 64 za dioksidi ya salfa. Uzito unakuwa maradufu. Kwa hivyo kilo 4.5 za salfa hutupa kilo 9 za gesi hiyo angani, na kilo 18 za limonini hugeuka moshi pamoja nazo. Tumepoteza cha kuuza na tumenunua kikohozi. Hiyo ni biashara ya aina gani?

Nisieleweke vibaya. Si kila uchomaji unafanana. Katika tanuri la saruji, kwa mfano, joto hufikia nyuzi 1,450, chokaa huinasa salfa na chuma cha waya huingia ndani ya saruji. Hilo ni afadhali mara nyingi kuliko moto wa kichochoroni. Hata hivyo kemikali zenyewe huwa zimekwenda.

TAHADHARI

Ndugu msomaji, nakusihi usijaribu jambo hili nyumbani kwa pipa na bomba. Mvuke wa tairi ukivuja ukakutana na hewa na cheche, ni bomu. Mnamo Januari 2025, huko Wada katika jimbo la Maharashtra, India, mlipuko katika kiwanda cha kupika tairi uliwaua wanawake wawili na watoto wawili. Watoto! Viwanda vya namna hiyo hupika kwa pupa, hufungua tanuri kabla halijapoa, na wafanyakazi wake hupangusa masizi kwa mikono mitupu. Haraka haraka haina baraka.

Mtambo unaofaa una geji za joto na mgandamizo, una vali za usalama, hujazwa naitrojeni kuondoa hewa, na wafanyakazi wake wana glavu na barakoa za kemikali. Kama haya hayapo, heri tairi likae lilivyo na litobolewe matundu lisituamishe maji.

SISI NA SOMO HILI

Kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi kiliacha kuunda matairi mwaka wa 2016. Kwa hivyo tairi likiingia nchini kwa meli, limeingia na isoprini yake, stairini yake, masizi yake na chuma chake, na vyote tumevilipia. Kisha tunavichoma kando ya barabara, halafu tunaagiza tena kwa meli toluini ya kutengenezea rangi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imesema kwamba anayeleta bidhaa sokoni naye abebe jukumu la taka yake. Huo ni mwanzo mzuri, maana tairi haliwezi kufika kwenye tanuri la kisasa kama hakuna wa kulikusanya na kulisafirisha. Lakini sheria haikeneki mafuta. Watakaokeneka ni watu waliosoma Kemia, waliojua kwamba nyuzi 176 si sawa na 177, na wanaoweza kumweleza fundi wa gereji kwa lugha anayoielewa kwa nini asichome. Mtu huyo yuko darasani sasa hivi, pengine ndiye aliyeshika gazeti hili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tusingoje kufunzwa na moshi.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Fungua msamiati, kisha ujibu maswali.

MSAMIATI

Hataza: haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake.
Kichocheo: kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kwisha.
Kiberiti upele: jina la zamani la salfa.
Malighafi: kitu ambacho hakijatengenezwa, kinachotumiwa kuundia kingine.
Pairolisisi: kuvunja kitu kwa joto pasipo oksijeni.
Polima: mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zinazojirudia.
Ukenekaji: kutenganisha viowevu kwa kuvichemsha na kuupoesha mvuke wao.

MASWALI

1. Eleza kwa nini mafuta yalitiririka kutoka rundo la Winchester ilhali hakuna aliyeyamwaga.
2. Kwa nini tairi haliyeyuki kama ndoo ya plastiki?
3. Fundi mmoja anataka limonini kwa wingi. Mshauri juu ya aina ya tairi na kiwango cha joto.
4. Kilo 600 za mafuta ya tairi zina salfa asilimia 1. Yakichomwa yote, zitatoka kilo ngapi za dioksidi ya salfa?
5. "Anayechoma mafuta ya tairi huchoma mali na kununua maradhi." Jadili kauli hii kwa insha ya ukurasa mmoja.